Kwa Bathsheba Bitutu Ratemo, Aliyetuachia Sweta Zisizo na Shingo

Mwaka umezunguka, Mama, tangu tulipokulaza kule chini ya shamba, mahali ndizi zinapoishia na majani chai yanapoanzia, na bado hatujamaliza kukulalamikia.

Tunajua kumbukumbu za watu zinavyoandikwa. Marehemu huwa alikuwa mpole, hakuwahi kumjibu mtu vibaya, aliondoka akiwa ametengeneza kila kitu. Wewe hatuwezi kukuandikia hivyo. Majirani wangecheka mpaka Masimba, nawe ungekuwa wa kwanza. Ulikuwa na roho safi, hilo tunaapa, lakini mdomo wako ulikuwa na pilipili, na mambo yako uliyaacha nusu nusu. Hata funguo ya sanduku lako la vyombo vizuri hatujaipata. Wageni wa mazishi walinywea chai vikombe vya plastiki, na tunakuona huko uliko, umeshika kiuno.

Lakini funguo si neno. Jambo lililotukaa kooni mwaka mzima ni shingo.

Tuanze na mazuri yako, maana hayo nayo ni mengi. Nani hapa Itumbe hakupitia barazani kwako? Ulifundisha kufuma wake waliotoka kuolewa, wajane, wasichana waliokatiza shule, na wakongwe ambao macho yalikuwa yamekwisha kazi lakini vidole bado vilikuwa na hamu. Uliweka siku yako Jumapili mchana kwa akili: Wakatoliki wameshatoka misa, sisi Waadventista Sabato yetu tumeitimiza jana, na hakuna anayeweza kusema amezuiwa na Mungu. Asiyekuwa na sindano ulimpa spoki za baiskeli ambazo Tata, mumeo, alikuwa amezinoa kwenye jiwe la kunolea panga. Asiyekuwa na uzi ulimpa sweta kuukuu ukamwambia, "Uzi huu hapa. Fumua."

Fumua! Neno hilo tulilichukia kuliko mvua ya mawe. Mtu ameshinda wiki nzima akijinyima usingizi, analeta kazi yake imefika kifuani, wewe unaipapasa tu huku ukiongea mambo mengine, kidole kinasimama mahali pamoja. "Hapa ulikuwa unawaza nini, mama? Ulikuwa umekasirikiwa nyumbani? Fumua." Jemimah wa Nyamarambe alilia siku moja mbele ya watu wote. Ukamfutia machozi kwa leso yako, ukamshikia uzi akifumua, ukamwambia uzi haukufa, ni yeye tu anayejifanya amefiwa. Alicheka huku kamasi zinamtoka. Hajawahi kukosa Jumapili tangu siku hiyo.

Na binti yako Gesare, je? Alipotoka Nyamira, ndoa imemvunjikia mikononi, Brandon mgongoni na begi moja lenye zipu mbovu, hukumuuliza swali. Ulimsogezea kigoda, ukamtia sindano mikononi. "Kama hutaki kulia, fuma. Kama unataka kulia, fuma vilevile, lakini usiniloweshee uzi." Vidole vyake vilijifunza kuanzisha kazi, kufuma mgongo, kifua na mikono, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka akaweza kufuma akitembea na kikapu cha majani chai mgongoni. Watu wa kituo cha majani walimwita mashine.

Isipokuwa shingo.

Mama, tukuulize mbele ya watu: kwa nini shingo? Ulifundisha yote. Lakini sweta ikifika mabegani, imebaki tundu la kupitisha kichwa na vile vitanzi vimening'inia kwenye uzi wa kushikilia, ulinyoosha mkono. "Leta hapa." Mwenye kazi anakupa. Unaokota vitanzi pande zote, unafuma ule ukanda unaovutika, na inapofika mahali pa kufunga, unainua kichwa kama mtu aliyenusa moshi. "Gesare, kaangalieni chai isimwagike." Wanakwenda, wawili watatu, waliobaki unawaanzishia kisa cha kuchekesha, na wakirudi na birika, shingo imekwisha, imelala kama imezaliwa pale. Miaka yote hiyo! Na sisi, wajinga wako, tukaona ni ukarimu.

Kisha mwezi wa Julai, majani yakiwa yamegoma kwa baridi, presha ikakuchukua ukiwa umesimama mlangoni unamfokea jogoo.

Stoo ulituachia gunia. Ni zile sweta za watoto wanaoanza gredi ya kwanza pale shule ya chini ya barabara, ambazo kikundi chako kiliwapelekea kila mwaka baridi ikianza. Mgongo uko, kifua kiko, mikono iko. Shingo hakuna hata moja. Ulikuwa umezingojea zote zifike ndipo uzifunge, kama mtu aliyeahidiwa kuishi.

Jumapili ya kwanza baada ya matanga, wanawake walikuja bila kuitwa. Walikaa mahali pao, kila mtu na kazi yake magotini, kigoda chako katikati kitupu. Hakuna aliyetaka kukitazama, na hakuna aliyetazama kingine. Mwishowe Jemimah akakohoa.

"Sasa hizi ni nani atafunga?"

Macho yote yakamwendea Gesare.

"Mbona mnaniangalia mimi?" Gesare akasema.

"Si wewe ndiye binti?"

"Binti wa jikoni! Mimi si nilikuwa natumwa chai na nyinyi?"

"Sisi tulikuwa tunakufuata kukusaidia kubeba vikombe," alisema Lorna, mke wa fundi wa baiskeli. "Tulijua wewe unafundishwa tukiondoka."

"Lini? Ukiniona nafundishwa, nilikuwa nafundishwa kuosha sufuria."

Walicheka, Mama, kile kicheko cha kwanza baada ya mazishi ambacho mtu anakionea haya. Halafu kikaisha, na ndipo ikawaingia. Kati ya wale wote uliowafundisha, hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua kumaliza sweta. Gesare aliwatazama wakikunja kazi zao polepole, akaona kitu ambacho hakukisema kwa mtu: hawa watu, bila shingo, hawana sababu ya kurudi. Wewe ulimwachia baraza limejaa. Akilegea kidogo, atakabidhi baraza tupu.

Akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka, "Jumapili ijayo nitakuwa nimejua."

Hakujua chochote. Huo ulikuwa mdomo wako, Mama, ndani ya kinywa chake.

Shingo ya kwanza aliifunga kwa akili yake mwenyewe, akiokota vitanzi kama alivyokuona, akifunga kimoja kimoja kwa kukaza ili isilegee. Ilipendeza kuitazama. Lorna alikuwa amekuja na Kwamboka wake, wakasema mtoto ajaribu. Kichwa kiliingia mpaka masikioni, kikagoma. Ukivuta chini haishuki, ukivuta juu haitoki, mtoto anapiga kelele ndani ya sweta na mikono imesimama juu kama mtu anayekamatwa.

"Jameni, sweta imemeza mtoto!" Jemimah alipiga makofi. "Gesare, hii ni nguo au mtego wa fuko?"

"Shika miguu, acha maneno!"

"Nishike miguu nivute wapi? Tumng'oe kichwa?"

Ikabidi wapitishe mkasi. Kwamboka alipotoka, nywele zimesimama, alimtazama Gesare akamwambia kwa adabu kabisa, kama anayeshukuru, "Mimi sitaki tena, mbuya mono." Baraza zima lililala chini kwa kicheko. Gesare naye alicheka. Kisha akaenda kusimama nyuma ya choo mpaka uso wake uliporudi.

Ya pili ilisaidiwa na simu. Sharon, mjukuu wako, alitafuta video ya mwanamke fulani wa huko mbali anayefunga shingo kwa sindano zilizounganishwa na waya. Vidole vyake vilikwenda upesi kama panya, anaongea, anatabasamu, anaongea, na mahali penyewe pa kufunga, bando likaisha. Safari hii Gesare alilegeza. Shingo ikashuka mpaka begani.

"Hii ni ya kuingia watu wawili," Jemimah alisema, akiinyoosha juu. "Au ni ya mtu aliyetoka kupigana sokoni."

Gesare hakucheka. Aliichukua, akaifumua mbele yao, uzi ukimkatikia mikononi. Akafunga nyingine. Akafumua. Mara ikabana, mara ikalegea, mara ikajikunja kama jani la ndizi juani. Alifumua mpaka uzi ukawa na manyoya kama paka aliyenyeshewa. Mama, mtu anaweza kuchoka na njaa, anaweza kuchoka na mume, lakini kuchokeshwa na tundu! Kitu ambacho hakipo, kinamshinda mtu mzima kukizungushia uzi.

Wanawake walianza kupungua. Huyu ana mgeni, huyu ng'ombe wake anazaa, na kuna ng'ombe mmoja hapa Itumbe aliyezaa mwaka huu kuliko sungura. Msimu wa baridi ukarudi. Mwalimu mkuu akapita barazani akasalimu, akauliza habari za majani, akauliza habari za ndizi, akatazama mlango wa stoo, akaenda zake. Afadhali angeuliza.

Ndipo Jemimah akaleta wazo lake. Kuna kijana ana mashine ya kushona pale Masimba. Wampe gunia, azitie shingo za kitambaa, mambo yaishe.

"Kitambaa?" Gesare alisema. "Kwenye sweta ya Mama?"

"Sweta ya Mama! Mama hayupo, Gesare. Watoto wapo, na wanatoka mafua."

"Sitaki kitambaa."

"Basi funga wewe! Kila siku hutaki, hutaki, na kufunga huwezi. Umekalia gunia kama kuku anayeatamia mawe." Jemimah alisimama, akatia sindano zake kwenye mfuko. "Mimi nilikuwa nakuja kwa sababu ya yule omong'ina, yule mama mzee. Sikuja kutazama mtu akifumua."

Akaondoka. Lorna akamfuata, akisema anamsindikiza tu, na kikapu chake chote mkononi.

Mama, kesho yake asubuhi Gesare alishuka na kikapu cha majani mgongoni, akasimama pale kwako kaburini. Mke mwenza wa jirani alikuwa anachuma mstari wa pili na masikio yake unayajua, kwa hivyo tunasema tulichosimuliwa.

"Si ungesema tu?" Gesare alikuambia. "Siku moja tu, ungesema, Gesare, kaa, chai itajiangalia. Ulinifundisha kumenya ndizi, ulinifundisha kujibu wakwe, ulinifundisha mpaka kulia bila kulowesha uzi. Hili ulilimeza ukitafuta nini?" Akasubiri, kama mtu anayetarajia jibu. "Haya, nyamaza. Umezoea."

Akachuma majani mpaka saa sita bila kumsalimia mtu.

Aliyetoa njia ni Ruth, mke wa mwanao Mogire, yule uliyekuwa ukisema ni mkimya mpaka mtu anasahau ameolewa. Walikuwa jikoni. Ruth alikuwa anasonga ugali, hata hakugeuka.

"Mama alikuwa anasema nini mtu akikosea?"

"Unaniuliza nini sasa?"

"Alisema fumua. Basi fumua yake. Chukua shingo aliyofunga yeye, uivute kinyumenyume, utaona alipoishia na alipotokea."

Gesare aliweka sahani chini. Jambo lilikuwa wazi hivyo, na kwa mwaka mzima hakuna aliyelisema. Sababu tunaijua sote. Nani angeshika kazi ya mikono yako aivute?

Na angefumua ipi? Wewe mwenyewe tulikuzika na ile ya zambarau. Zile ulizowafungia watu zamani zilikuwa zimefuliwa zikagandamana, ukivuta uzi unakatika kabla haujasogea. Gesare alijaribu ya Sharon na ya Brandon, akaambulia nyuzi fupi fupi kama nyasi. Sweta iliyokuwa bado nzima ni moja. Ni ile ya kijani kibichi ya Tata, uliyoifunga wiki ile ya mwisho. Na ilikuwa nzima kwa sababu Tata hakukubali ifuliwe. Alivaa nayo kanisani, alivaa nayo zizini, alilala nayo. Harufu yake tumeivumilia kama Wakristo.

Mogire alikuwa amekuja kutoka mjini kupanga siku hii ya kumbukumbu. Alipoambiwa alishika kichwa.

"Hamwezi kumwomba mzee hivyo. Hiyo ndiyo imebaki."

"Najua ndiyo imebaki," Gesare akasema. "Ningejua nyingine ningekusumbua?"

"Acheni watoto wavalishwe kitambaa. Nani atakufa?"

"Kitakufa kikundi."

"Kikundi ni nini?"

"Ni yeye, Mogire. Ni yeye alivyokuwa akikaa pale. Ukija hapa Krismasi ukute baraza lina mbuzi, ndipo utajua kikundi ni nini."

Hawakujua kwamba Tata alikuwa ameketi upande wa pili wa ukuta. Manasseh wako hajabadilika, Mama. Akisikia maneno mazito hutoka kwenda kumtazama ng'ombe. Alitoka, akamtazama ng'ombe mpaka ng'ombe akageuka. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Mama yenu angesema nini?"

Mogire akatazama viatu vyake.

"Nimewauliza."

"Angesema fumua, Tata," Gesare alisema.

Akainua mikono, akaivua. Ilimkwama puani kidogo, tukasikia akinung'unika humo ndani, kisha akatoka, shati limepanda tumboni. Akaikunja vizuri kuliko alivyowahi kukunja kitu chochote maishani, akamwekea Gesare magotini. Ruth alimletea koti, akalikataa. Alikaa na baridi yake.

"Si leo," akasema. "Ngojeni Jumapili. Waiteni wote, na yule Jemimah mwenye mdomo. Sitaki mtu aseme alitumwa chai."

Walikuja, Mama. Umbea ulikuwa umefika Nyamarambe kabla ya ujumbe. Hata Jemimah alikuja, akakaa pembeni kabisa, mfuko ameukumbatia, uso anautazamisha barabarani kama mtu anayengoja gari.

Gesare alikaa kwenye kigoda chako. Alipapasa shingo ile kwa vidole akitafuta ncha ya uzi, akaikuta umeificha kwa ndani, juu ya bega la kushoto, umeipitisha na kuipitisha tena. Alivuta, ikakataa. Umeificha kama ulivyoficha funguo! Aliichokoa kwa sindano, akasali kimoyomoyo au akatukana, yeye anajua, na ncha ikatoka. Akavuta kitanzi cha kwanza. Kikafunguka.

Alivuta cha pili, cha tatu, polepole, akikitazama kila kimoja kabla hakijapotea, na wanawake wakasogeza vigoda, wakasogeza tena, mpaka vichwa vikakutana juu yake kama kuku kwenye mahindi. Hata Jemimah. Jikoni maziwa yalianza kupanda. Tulisikia. Yakamwagika motoni, moshi ukatujia, ile harufu ya maziwa yaliyoungua, na hakuna mtu hata mmoja aliyeinuka. Mama, miaka yote hiyo, hiyo ndiyo chai ya kwanza kumwagika nyumbani kwako.

"Ngoja," Jemimah akasema ghafla. "Rudi hapo. Vitanzi vya juu ni vikubwa. Vya chini vidogo."

"Nimeona."

"Amefuma na sindano nyembamba, akafunga na kitu kinene. Ndiyo maana kichwa kinapita."

"Kitu gani? Hakuwa na sindano nene," Lorna alisema. "Mimi nilikuwa nampangia sindano zake."

Wakatazamana. Na hapo tukasikia kitu kinakwaruza: kwa, kwa, kwa. Tata alikuwa ameketi mlangoni na shati lake jepesi, anajikuna mgongo. Anajikuna na kile kijiti chako cha mwanzi, kile ulichokuwa ukichomeka ndani ya kitambaa cha kichwa, sote tukijua ni cha kujikunia nywele.

Baraza zima lilimgeukia. Akaacha kujikuna.

"Nini? Ni changu. Yeye ndiye alikuwa ananikuna, sasa ninajikuna mwenyewe."

"Tata," Gesare alisema, "lete hicho kijiti."

Ulikuwa umetuwekea sindano kichwani mwako, Mama, mbele ya macho yetu, na ukatuacha tukufikirie una chawa.

Gesare aliirudishia ile shingo papo hapo, kila mtu akitazama. Akaokota vitanzi, akafuma ukanda kwa sindano zako, akafunga kwa kijiti. Tata akavaa. Kichwa kikapita. Alisogeza shingo kulia, akasogeza kushoto.

"Inanikaba kidogo."

Gesare akanywea.

"Ya mama yenu nayo ilinikaba kidogo," Tata akasema. "Sikumwambia."

Hapo ndipo Gesare alimuuliza kile ambacho sote tulitaka kuuliza. "Tata, wewe ulijua. Kwa nini alituficha?"

Alitazama zizini mpaka tukadhani anaenda kwa ng'ombe. "Kikundi chake cha kwanza aliwafundisha kila kitu," akasema. "Nyinyi mlikuwa wadogo. Walipojua, kila mmoja akaenda kufumia kwake. Akawa anakaa hapa Jumapili na uzi wake, anaongea na kuku. Walipokuja hawa wengine, shingo akajiwekea mwenyewe."

"Kwa hivyo watoto wa watu wamepata baridi kwa sababu alitaka watu wa kunywa nao chai?"

"Sijasema alifanya vizuri. Umeuliza kwa nini."

Gesare akakizungusha kijiti mkononi. Bado amekukasirikia, Mama, na sisi pia. Ungetuambia tu kwamba unapenda tuje. Tungekuja. Labda tungekuja. Hilo ndilo linatuuma: hatuna hakika.

Ijumaa iliyopita tuliteremsha gunia shuleni. Watoto walivaa, vichwa vyote vikapita, na Kwamboka, ambaye sasa yuko gredi ya kwanza, alikataa kuvaa mpaka alipoona wenzake kumi wametoka salama. Waliimba ule wimbo uliokuwa ukiupenda. Mwalimu mkuu alitaka kuhutubia, baridi ikamkatiza.

Kisha ikaja Jumapili, jana. Gesare aliamka kabla ya jogoo. Sasa wote wanajua. Kijiti chenyewe kila mtu amejichongea chake. Alifagia baraza mara mbili, akapanga vigoda, akajiona mjinga, akavipunguza. Tata alikaa mlangoni na sweta yake. Saa nane ikapita. Kuku wakaanza kupanda barazani. Gesare akashika sindano zake, akamwambia jogoo, "Na wewe unaangalia nini?" Akajisikia akisema hivyo, akainamia uzi.

Mara, chini kwenye njia, akaonekana Jemimah, anahema, mfuko mkononi, na nyuma yake Lorna, na wengine wakishuka kutoka barabara ya juu.

"Gesare, mimi nimeshindwa," Jemimah alianza kabla hajasalimia. "Hii shingo imenikataa kabisa. Nimejaribu mpaka macho yananiuma."

Akatoa sweta. Gesare akaipokea, akaipapasa kama ulivyokuwa ukipapasa wewe. Shingo ilikuwa imeokotwa vizuri, imefumwa vizuri, na imebaki vitanzi vichache tu kufungwa. Vilivyofungwa vilikuwa vikubwa, sawasawa, bila kosa hata moja. Aliinua macho. Jemimah alikuwa anatazama barabarani.

Gesare akachomoa kijiti chako kichwani mwake.

"Leta hapa," akasema. "Ruth, kaangalieni chai isimwagike."

Wakaenda, wawili watatu, wakicheka.

Tunaokukumbuka na kukunung'unikia ni mumeo Manasseh Ratemo, ambaye sasa anakunwa mgongo na wajukuu kwa zamu. Watoto wako Mogire na mkewe Ruth, na Gesare. Wajukuu wako Sharon na Brandon, wanaouliza kama Magokoro, bibi yao, ana uzi huko. Jemimah, Lorna na wanawake wote wa baraza lako. Funguo ya sanduku bado tunaitafuta.

Hatutakusahau, Mama. Kila asubuhi ya baridi, kichwa cha mtu kinapokwama kidogo gizani ndani ya sweta, kisha kikapita kuona mwanga, tutakuwa tunakutaja.